Chuma Kisichosafiri na Nyota

3 Februari

Kwako mke mwenzangu Kidomo,

Huku tunapumua na tunakula, kwa hiyo usipoteze wino kuuliza. Shangazi yako ameng'olewa jino na tangu juzi anatembea na shavu kama aliyeficha limau, lakini kusema hajaacha. Karakana inakwenda. Paa la upande wa tanuri tumeliwekea mabati mapya, na Mvukuto, fundi wetu wa tanuri, amepata feni nyingine ya kupulizia moto kwa sababu ile ya zamani ilikuwa inakohoa kuliko yeye. Wiki iliyopita tumetoa sufuria sitini na mbili na moja tu ndiyo iliyotoboka. Hiyo moja si mimi niliyeimimina.

Sasa tuje kwenye lililonikalisha kitako. Barua yako ya mwisho ina kurasa mbili. Nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa miwani ya shangazi yako. Umenieleza mvua, umenieleza baridi, umenieleza mwenzako wa chumba anavyokoroma. Nyota hakuna hata moja. Mwaka mzima kila barua ilikuwa nyota, nyota, mpaka nikawa nazisikia nikichekecha mchanga wa kalibu za kumiminia sufuria. Msichana akiacha ghafla kumtaja mchumba wake, hatuulizi kama wako salama. Tunauliza nani amemwacha mwenziwe.

Na usinipigie simu ukidhani utaniponyoka. Kwenye simu unasema "sawa Bibi, sawa Bibi" huku unatafuna. Karatasi unaishika kwa mikono miwili. Mimi darasa langu la nne nimelitumia lote kukuandikia wewe, na wewe uliyesoma mpaka madarasa yakaisha unaniletea habari za mvua.

Watu hapa nimewaambia kwamba mwezi wa tisa utasimama mbele ya wakubwa wa chuo uwaeleze ulichokiona mbinguni, na wakikubali utaitwa daktari. Yule fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara ameuliza kama utatibu magoti. Nimemwambia magoti yake hayatibiki hata kwa nyota. Lakini aliponiuliza hasa unafanya nini huko, nilikohoa. Sipendi kukohoa mbele ya fundi baiskeli.

Niambie mambo mawili: kazi yako ni nini, kwa maneno ya mtu wa darasa la nne, na nani amekuudhi.

Bibi yako, mwenye macho mabovu yanayoona


27 Februari

Bibi yangu, shikamoo.

Mpe pole shangazi, mwambie asukutue kwa maji ya chumvi na apumzishe mdomo, ingawa najua nusu ya dawa hiyo haitanyweka. Mimi mzima. Dirisha la chumbani bado limezibwa kwa karatasi, kwa hiyo nakuandikia nikiwa idarani, karibu na mashine ya kunakilia, maana inatoa joto.

Kazi yangu ni hivi. Mwanzoni kabisa, Bibi, huko juu hakukuwa na chuma, wala shaba, wala alumini. Kulikuwa na gesi mbili nyepesi, basi. Nyota za kwanza zilizaliwa kwa hizo tu. Ndani ya tumbo la nyota mna moto usiofanana na wa tanuri lenu. Moto ule unapika gesi mpaka inageuka kuwa kitu kingine: makaa, chokaa, chuma. Nyota kubwa ikifa inapasuka na kumwaga kila ilichopika. Nyota inayozaliwa baadaye inazaliwa ndani ya ule mmwagiko, kwa hiyo inakuwa na chuma kidogo. Inayofuata ina zaidi. Jua letu ni la juzijuzi, limejaa chuma.

Nuru ya nyota tunaipasua kama mvua inavyopasua nuru ya jua ikawa upinde. Ndani ya zile rangi mna mistari myeusi myembamba, na kila kitu kina mistari yake, kama nyayo. Nikiisoma mistari najua nyota ina nini na kiasi gani. Yenye chuma kidogo sana ni ya kale. Ukizipanga za kale, ukaangalia ziko wapi na zinaelekea wapi, unaanza kuona galaksi yetu, yaani mji huu wa nyota tunamokaa, ulijengwaje. Zipi ni wenyeji, na zipi zilihamia kutoka vijiji vilivyomezwa.

Hakuna aliyeniudhi. Kuna jambo dogo tu. Katika orodha moja ya zamani mna nyota niliyodhani ni ya kale kuliko ilivyoandikwa. Nilidhani chuma ilichoandikiwa si chake. Nimeshauriwa niiache, nami nimeiacha. Nina nyota nyingine mia mbili na kumi, zinatosha kabisa kwa utetezi wa Septemba. Huku baridi imeanza kupungua.

Mwambie fundi baiskeli asipande milima.

Mjukuu wako


21 Machi

Kidomo,

Shavu la shangazi yako limeshuka. Jirani wa nyuma amepata mjukuu wa kiume, anamwonyesha kwa watu kama aliyemsubu mwenyewe kwenye kalibu. Feni mpya inazunguka vizuri ila haina wa kuiangalia, maana Mvukuto nimemfukuza. Alitia vyuma vyenye maji kwenye chungu cha kuyeyushia, na hata mtoto anajua maji yakikutana na alumini iliyoyeyuka ni bomu. Usiniulize zaidi. Ukiona mwandiko umepinda, kalamu ni mbovu.

Kazi yako nimeielewa kabla sijamaliza ukurasa, na nimeshangaa kwamba umekwenda mbali kote huko kusomea kitu kilichoko uani kwetu. Chukua sufuria yoyote. Iliyosubiwa kwa alumini ambayo haijawahi kurudi motoni ni nyeupe, laini, ukiigonga inaitika kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Inachakaa, inauzwa, inayeyushwa pamoja na pistoni, na makopo, na misumari iliyojificha, inatoka sufuria nyingine. Hiyo nayo inachakaa. Ikifika mara ya tano au ya sita ni nyeusi, inavunjika ikianguka, na ukiigonga inajibu kama mwenye mafua. Sufuria iliyorudi motoni mara nyingi ni kama mwanamke aliyeolewa nyumba sita, kila nyumba ameondoka na kitu. Mimi nikiigonga nakwambia imeolewa mara ngapi. Wewe unagonga nyota. Nimemweleza fundi baiskeli hivyo hivyo akaelewa, na yule hajui hata mwaka aliozaliwa.

Kwa hiyo huko kwenu maskini ndiye mkubwa wa nyumba. Hiyo nimeipenda.

Sasa lile "jambo dogo". Umeandika "nimeshauriwa". Na nani? Ushauri hauoti wenyewe kama uyoga. Umeandika "orodha moja ya zamani". Ya nani? Orodha haina miguu, haikutembea yenyewe mpaka kwenye karatasi. Halafu ukakimbilia baridi. Ulipokuwa na miaka sita ulisimama mbele ya mteja ukamwambia sufuria anayoinunua ina tundu, na muuzaji ni mimi. Ndipo nikakuita Kidomo. Nilikuchapa, kisha nikaiyeyusha ile sufuria. Yule mtoto amekwenda wapi?

Jibu. Mkono umechoka.

Bibi


5 Mei

Bibi yangu, shikamoo.

Nimechelewa, najua. Barua hii nimeianza mara nne. Mpe jirani hongera ya mjukuu. Mimi mwili hauna tatizo.

Orodha ni ya Profesa wangu. Ndiye anayenisimamia, na bila sahihi yake sisimami mbele ya wale wakubwa. Aliitengeneza miaka kumi na minne iliyopita, na ndiyo iliyompa jina. Wenzetu kila mahali wanaitumia. Humo nyota yangu imeandikwa kwamba kwa kila sehemu elfu za chuma zilizomo kwenye jua, yenyewe ina sehemu moja. Ni kidogo, lakini za namna hiyo zipo nyingi. Mimi nilichukua picha zake zilezile nikazipima upya. Nyota hiyo inatujia kwa kasi kubwa, na kitu kinachokuja kwa kasi mistari yake yote husogea upande mmoja, kama wanafunzi wanaogeuka pamoja mlango ukifunguliwa. Mistari ya gesi imesogea. Mistari ya chokaa imesogea. Ya chuma imebaki palepale. Tofauti yenyewe ni nyembamba kama unywele, rahisi mtu kuipita, lakini ipo. Chuma hakisafiri na nyota, Bibi. Chuma hicho ni cha mwingine, kimeingia njiani.

Nilimwonyesha. Aliangalia kwa muda mrefu, kisha akasema, "Hiyo ni mikwaruzo ya mashine tu. Achana nayo, una nyota za kutosha." Hakuwa na hasira. Hasira ningejua pa kuiweka. Nikiisema Septemba, nitakuwa nasema mbele ya watu kwamba aliyenifundisha kuona hakuona. Nisipoisema, nyota ambayo huenda ni miongoni mwa zilizotangulia zote itabaki imeandikwa kuwa ya kawaida, na mimi nitakuwa najua. Hilo ndilo jambo dogo.

Sasa na mimi nina swali, nalileta nimepiga magoti. Mwandiko wako hauna shida ya kalamu, umeinamia kushoto. Nilimwandikia shangazi, akanijibu kwamba mkono wako wa kulia una bandeji tangu mwanzo wa Machi na umewakataza wasinambie. Bibi, Mvukuto namjua tangu natambaa. Yule mtu anaanika vyuma juani, kisha anavisogeza pembeni ya tanuri, kisha anavishika kimoja kimoja kama anayemnunulia mkwe embe. Nimejaribu kumwona akilini akitia chuma chenye maji, nimeshindwa. Siku ile ilikuwaje?

Mjukuu wako anayekuogopa


14 Juni

Kidomo,

Barua yako niliitupa chini ya kitanda wiki tatu. Shangazi yako nimemnunia na ataendelea kununiwa mpaka nisahau kwa nini. Mkono unapona, ngozi mpya ni nyekundu kama kitoto cha panya. Hii naandika kwa mkono wa kulia, uangalie vizuri.

Mjukuu kumuuliza bibi yake swali kama lile. Nilikaa nikasema, huyu nimemlea vibaya. Nikakaa tena nikasema, hapana, huyu nimemlea.

Siku ile mvua ilinyesha asubuhi. Tulikuwa na oda ya masufuria ya shule, yale ya kupikia watu mia, na siku zilikuwa zimetuishia. Mvukuto aliweka rimu mbili za gari pembeni akaniambia, "Hizi bado, Bi Mkubwa, zina maji kwenye matundu ya nati." Akaenda kula. Mimi nikaona ananicheleweshea kazi, nikazitia mwenyewe. Chungu kililipuka, alumini ikarukia mpaka kwenye yale mabati mapya. Ningesimama hatua moja mbele, sasa hivi ungekuwa unaliandikia kaburi. Watu walipokuja mbio, mdomo wangu ukasema "Mvukuto". Mdomo wenyewe, mimi sijazinduka. Lakini kesho yake nilikuwa nimezinduka, na keshokutwa, na miezi mitatu yote.

Unajua kilichoniuma kuliko mkono? Wote walijua. Walipita wameinamisha macho, wanaibeba aibu ambayo ni yangu. Angetokea mtu wa kunishutumu ningempiga kwa upawa wa moto. Lakini angetokea wa kuniuliza taratibu, "Bi Mkubwa, hivi siku ile mvua ilinyesha?", ningesema yote hapohapo. Uongo ni mzigo wa kichwani. Ukiubeba huwezi hata kugeuka kumwangalia anayekuita.

Jumapili nilivaa vizuri nikaenda kwake. Nilimkuta anatengeneza redio. Nikamwambia, "Zile rimu zilikuwa na maji." Akasema bila kuinua uso, "Najua, mimi ndiye niliyekwambia." Nikasema, "Rudi kazini." Akasema, "Kayaseme mbele ya walewale." Nikayasema mbele ya walewale, na fundi baiskeli akiwemo. Nilidhani nitakufa. Sikufa. Nilipomaliza fundi baiskeli akauliza kama chai ipo.

Basi nisikilize. Usimwendee profesa wako kumwambia amekosea. Na yeye ana upawa wake. Wala usinyamaze ukimwonea aibu, maana hiyo ndiyo mbaya zaidi. Nenda ukamuulize kama ulivyoniuliza mimi, siku ile ilikuwaje. Ukishauliza, funga mdomo. Kuuliza unajua. Kufunga mdomo ndiko kutakakokusumbua.

Bibi yako wa mikono miwili


12 Julai

Bibi yangu, shikamoo, na shikamoo ya pili kwa ajili ya ile Jumapili. Msalimu Mvukuto, mwambie nimeicheka redio yake.

Nilikwenda. Ofisi ya Profesa iko ghorofa ya tatu, ina meza isiyoonekana kwa makaratasi na vikombe alivyosahau kurudisha. Nikasema, "Profesa, usiku ule ulipoipima ile nyota, ulikuwaje?" Kisha nikafunga mdomo. Bibi, nilihesabu vikombe. Vilikuwa saba. Nilivihesabu mara tatu.

Akasema, "Nilikuwa na umri kama wako." Akainama kwenye kabati la chini akatoa daftari lenye jalada gumu. Kumbe darubini kubwa hugawiwa kama maji ya mgao, wenye nguvu hupewa usiku wa giza, wanyonge hupewa usiku wa mwezi. Yeye hakuwa na jina bado, akapewa mwezi mpevu. Na nuru ya mwezi ni nuru ya jua iliyogonga mwezi ikarudi kwetu, kwa hiyo imebeba nyayo za chuma cha jua. Mwezi ulikuwa jirani na ile nyota. Nuru yake ikadondokea ndani ya nuru ya nyota, kidogo tu, kama kijiko cha chai ya rangi kwenye ndoo ya maji. Ndoo ingekuwa na kitu, kijiko kisingeonekana. Haikuwa na kitu.

Pembeni ya ukurasa, kwa mwandiko wake wa ujana, palikuwa pameandikwa: Mwezi uko karibu mno. Pima tena. Aliniwekea kidole hapo. Akasema, "Hawakunipa usiku mwingine. Halafu orodha ikapendwa. Halafu nikaogopa."

Siku ileile aliandika ombi la kupewa darubini kwa saa mbili, usiku usio na mwezi, kwa jina lake mwenyewe. Hiyo darubini iko juu ya mlima nchi nyingine, sisi tutaletewa picha tu. Wametukubalia usiku mmoja wa Agosti. Yakija mawingu basi tena, mpaka mwakani, na Septemba nitasimama na mistari isiyosogea na daftari la zamani. Mashahidi wawili, na wote wanaweza kupingwa.

Kidomo wako


3 Agosti

Kidomo,

Mvukuto amerudi na kiburi kama bwana harusi. Kila chuma analeta mpaka puani kwangu, "Bi Mkubwa, hiki kimekauka?", mbele za watu. Nimempa wiki mbili afurahi, kisha nitamnyamazisha. Masufuria ya shule tumeyapeleka, mpishi wao ameyagonga moja moja akatikisa kichwa kwa kuridhika. Shangazi yako tumepatana, alipika.

Mawingu hata mimi siwezi kuyafokea, ingawa nimejaribu. Lakini hilo la mashahidi kupingwa usinirudie nalo. Kuna siku nilisubu kwa mkono uliofungwa kwa sababu watoto wa watu walikuwa wanangoja chakula. Wewe nawe utasimama na ulichonacho. Yakija mawingu utasema, "Yamekuja mawingu, na hiki ndicho ninachokijua." Asiyekubali akubali mwakani.

Na huyo profesa wako nilikuwa nimeshaanza kumchukia vizuri, umeniharibia. "Halafu nikaogopa." Mtu mzima kumwambia hivyo mwanafunzi wake. Usije ukamsimanga kwa neno hilo hata siku akikuudhi. Nikisikia umemsimanga nakuja kwa miguu.

Kula. Barua yako imekunjwa na mtu mwenye njaa, naijua mikunjo.

Bibi


10 Septemba

Bibi yangu, shikamoo.

Siulizi habari za huko, nitauliza mwishoni, leo niache nianze na yangu.

Mawingu hayakuja. Picha zilifika tarehe kumi na tisa Agosti asubuhi. Mfagizi alikuwa ndiyo kwanza amepiga deki, na Profesa akaingia chumbani kwetu na viatu vyenye maji, hata hakuona. Nilifungua. Mistari ya gesi ipo, imesogea. Mstari wa chokaa upo, mwembamba, umesogea. Nikaenda mahali pa chuma. Palikuwa peupe. Nikaenda kwenye mstari wa chuma wenye nguvu kuliko yote, ule ambao nyota zote ninazozijua zinao. Peupe. Profesa akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Rudia tena, mimi nikiwa nimefumba macho, unisomee." Nikamsomea. Akakaa sakafuni, na sakafu ilikuwa mbichi.

Chuma cha nyota ile, kama kipo, hakifiki sehemu moja kwa kila laki moja ya kile cha jua. Nyota zinazojulikana za namna hiyo unaweza kuzitaja kwa majina kama watoto wa nyumba moja. Kwa hesabu zetu, kabla yake ilikufa nyota moja tu, pengine mbili. Kwa maneno yako, Bibi, imerudi motoni mara moja.

Utetezi ulikuwa tarehe sita. Watahini watano, meza ndefu, maji kwenye glasi. Nilisema yote: mistari isiyosogea, mwezi, daftari, picha mpya. Mtahini wa kutoka nje ni mama mmoja mwenye sauti ya kukwaruza ambaye wenzangu walinitisha kwa jina lake wiki nzima. Akavua miwani akauliza, "Orodha hii mimi mwenyewe nimeitumia miaka kumi na minne. Sasa niambie, ni nani aliyekosea?"

Nilifungua mdomo, Bibi, nijibu. Nyuma yangu kiti kikalia. Msimamizi haruhusiwi kusema siku hiyo, lakini Profesa alikuwa amesimama. Akasema, "Ni mimi. Niliandika kwa mkono wangu kwamba nipime tena, nikaacha. Aliyepima tena ni huyu." Mwenyekiti akamwamuru akae. Akakaa. Yule mama akanitazama akasema, "Endelea." Nikaendelea kwa sauti yote, mpaka nikawasahihisha hesabu mbili walizoniuliza vibaya.

Wakanitoa nje nikasimama kwenye ukumbi. Mlango ulipofunguliwa alikuja yule mama mwenyewe, akanishika mkono akasema, "Karibu ndani, Daktari."

Jioni Profesa alinipa lile daftari, liwe langu. Mna nyota nyingine arobaini na moja alizozipima katika zile siku za mwezi mpevu. Anataka orodha itoke upya, jina langu likitangulia, lake likifuata. Nimechoka mpaka kwenye kucha. Nafikiria kulala mwezi mzima kabla sijagusa kitu.

Habari za huko?

Mjukuu wako


28 Septemba

Kwako Daktari,

Hiyo nimeandika mara moja. Usizoee.

Habari za huku ni wewe. Barua ilifika Alhamisi saa nne asubuhi, chungu kiko motoni. Nikamwambia Mvukuto azime feni. Akaniambia alumini itaganda. Nikamwambia igande. Nikapanda juu ya gogo la kugongea nikawasomea yote, mwanzo mpaka mwisho, mwenyewe, bila shangazi yako kunisaidia hata neno. Nilipofika pale mahali pa chuma palipokuwa peupe, watu waliacha kutafuna. Nilipofika kwa profesa kusimama, ilibidi nisimame kidogo na mimi. Mvukuto aligeukia ukutani akasema ni moshi, na feni imezimwa.

Fundi baiskeli akauliza, "Kwa hiyo nyota yenyewe ni fukara, na ndiyo iliyomfanya awe mkubwa?" Nikamwambia, "Tangu nikujue, leo umesema jambo." Akavimba, amekuwa akilirudia kwa kila mteja kama ni lake. Jirani wa nyuma alimleta mjukuu wake nimshike achukue akili. Nimemshika. Nimemwambia akili yetu huja pamoja na mdomo, ajiandae. Ile alumini iliganda kweli, tumepoteza nusu siku kuibandua, na hakuna aliyenung'unika.

Mwambie profesa wako kwamba kuna mwanamke wa darasa la nne amesimama kwa heshima yake, na ninasimama kwa watu wachache. Mengine tutaongea akija. Aje.

Sasa hilo la kulala mwezi mzima. Siku tatu. Tatu zinamtosha mtu yeyote asiyeumwa. Kuna nyota arobaini na moja huko juu zimeandikiwa mali isiyo yao, na dunia nzima wanaolijua hilo ni wewe na profesa mmoja aliyekaa kwenye sakafu mbichi. Zenyewe hazina haraka, zimekuwepo kabla ya jua. Mwenye haraka ni mimi. Nina miaka sabini na tisa, na nataka kusomewa zote, moja moja, kila moja ina nini na haina nini.

Anza.

Bibi yake Daktari